Miche ya Usingizi

Mama Usingizi alikuwa amejilaza chali kwenye kitanda cha watu, viatu kavua, mikono kaikunja tumboni, anatazama dari. Wenye kitanda chao, mume na mke, walisimama kimya, kila mmoja kaegemea ukuta wake, kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo.

Msishangae. Ndivyo alivyofanya kazi yake. Wauza miche wengine humwuliza mteja kama anataka mche wa maua au wa majani matupu, wanampakia mzigo wake, basi, kwaheri. Yeye hapana. Mtu akimwambia anataka mimea ya chumba cha kulala, humwuliza analala saa ngapi na upande gani, kisha humfuata hadi nyumbani, huomba radhi, huvua viatu, na kulala pale pale anapolala mwenye shida. Dakika kumi. Anatazama anachokitazama mwenzake, anasikia anachokisikia. Akiinuka anajua. Mara nyingi ni kabati lenye kioo kinachorudisha mwanga wa taa za barabarani, au bomba la jirani linalodondoka, au kitanda kilichoupa mlango kisogo, maana kuna watu hawawezi kulala kama hawauoni mlango. Anasogeza hiki, anafunika kile, anafungua dirisha ambalo halijafunguliwa tangu nyumba ijengwe, ndipo anapanga vyungu vyake. Siku ya tatu mtu anakoroma. Na anayesifiwa ni nani? Mche.

Leo dakika kumi zilipita, zikafika kumi na tano, na hakuona cha kusogeza.

Chumba kilikuwa kimetulia kuliko vyote alivyowahi kujilaza kwa ajili ya kazi. Pazia zito. Upepo unaingia dirishani na kutokea mlangoni. Kitanda kinauona mlango. Saa ya ukutani ilikuwa imeondolewa, umebaki msumari na alama ya duara kwenye rangi. Hapakuwa na televisheni, hapakuwa na rundo la nguo, hata mbu hakuwepo. Watoto wawili wa nyumba hiyo walikuwa wamepelekwa kwa shangazi yao wiki nzima ili pasiwe na kelele. Mke alikuwa ameshafanya kila jambo ambalo Mama Usingizi angemwambia afanye. 

"Umeona nini, mama?" mke aliuliza.

"Bado."

"Lakini kuna kitu."

"Nimesema bado, mwanangu."

"Mwache," alisema mume, na ile sauti yake nzito ilikuwa na utani ndani yake. "Akilala hapo mpaka jioni, angalau mmoja wetu atakuwa amelala."

Mke hakucheka. Alikuwa ameshayasikia mengi ya namna hiyo kwa siku tisa.

Huyo mke ndiye aliyekuja kitaluni asubuhi, kabla hata miche haijamwagiliwa. Kitalu chenyewe ni kipande cha ardhi kati ya ukuta wa gereji na mtaro, kimefunikwa kwa wavu mweusi, na asiyekijua hukipita. Aligusa majani ya mche huu, akagusa ya ule, huku macho yake hayauangalii hata mmoja.

"Nimeambiwa unayo miche ya kulalia."

"Nani halali?"

"Mume wangu. Leo siku ya tisa." Alilitamka hilo kwa utaratibu, neno baada ya neno, kama aliyelirudia njia nzima. "Ni dereva wa basi la masafa marefu. Walimpa likizo ya siku kumi apumzike, na inakwisha leo. Kesho saa mbili asubuhi anatakiwa kwenye usukani. Abiria sitini na wawili, kilomita mia sita. Lazima alale leo, mama. Lazima."

"Daktari kasemaje?"

"Kampa vidonge. Nimevikuta vyote kwenye ndoo ya taka."

Mama Usingizi aliweka kopo la maji chini. Hapo ndipo alipotakiwa kumwambia ukweli, na mimi simtetei. Angesema, mwanangu, mrudishe mgonjwa kwa daktari, hapa tunauza majani. Badala yake alisema, "Mimi huwa naomba siku tatu."

"Sina siku tatu. Nina leo."

"Haya. Nitakuja alasiri tuone."

Kwa nini alikubali? Kwa sababu sifa ni tamu, jamani, tusidanganyane. Miaka kumi na mmoja nyuma alikuwa mfagizi wa ofisi, mmoja wa wale wanaoingia wenye ofisi wakishaondoka. Kumwagilia mimea ya ukumbini haikuwa kazi yake, lakini aliyepewa kazi hiyo hakuifanya, na yeye alishindwa kuipita ikiwa imelegea majani. Ofisi ilipopunguza wafanyakazi, alitoka na vipandikizi sita alivyovifunga kwa gazeti bichi ndani ya kontena lake la chakula. Hicho ndicho kiinua mgongo alichojipa. Mwaka wa pili akamuuzia jirani yake, muuguzi mstaafu, mche mmoja wa chumbani, na katika kuuweka akageuza mlango wa kabati lenye kioo. Muuguzi akalala. Muuguzi akasimulia kila alipokwenda. Habari ilipomrudia Mama Usingizi, haikuwa na kabati tena, ulikuwa umebaki mche peke yake, na yeye hakuirekebisha. Alicheka tu, akasema, "Mpe siku tatu, atalala." Sentensi hiyo ikawa ndiyo biashara yake. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumpa jina la heshima, alikuwa "yule wa usafi." Mwonjesheni mtu kama huyo jina zuri, halafu mwombeni alirudishe.

Basi alichagua miche minne na kuipanga kwenye toroli. Asumini hakuigusa ingawa ilikuwa imechanua, kwani harufu yake ni ya kibarazani, ukifungiwa nayo chumbani unaamka na kichwa kizito. Alichukua ule wenye majani magumu yaliyosimama wima, ambao hata ukiusahau mwezi mzima hauna kinyongo. Akachukua kangaga, kwa ajili ya kona isiyo na jua. Akachukua ule unaoning'iniza vitoto vyake kwenye nyuzi, maana mtu asiye na usingizi anahitaji kitu cha kutazama ambacho hakimdai chochote. Wa nne ulikuwa wa majani mapana laini, kwenye chungu kikubwa cha udongo chenye kisahani chake. Alisukuma toroli mwenyewe hadi nyumbani kwa dereva, akafika saa kumi kasorobo alasiri.

Sasa aliinuka kitandani, akavaa viatu, akajifanya anapima mwanga kwa kiganja.

"Haya," alisema. "Tupange."

Dereva aliingia na vyungu viwili kwa mkupuo, kimoja kila kwapa. Alikuwa jitu la mtu, mabega mapana, kajinyoa vizuri, shati limepigwa pasi. Makonda walimwita Kamanda kwa sababu katika miaka kumi na minane hakuwahi kuchelewa wala kukwaruza hata ubavu wa basi. Ungemtazama haraka ungesema huyu hana shida yoyote. Lakini macho yake yalikuwa mekundu pembeni, na akikaa tu kitako mguu wake wa kulia ulianza kusukuma sakafu, polepole, unaachia, unasukuma tena. Mkeka mdogo wa kando ya kitanda ulikuwa umekunjamana kwa ajili hiyo. Mama Usingizi aliuona, akaunyoosha.

"Hili ua la vitoto liwe juu, pale dirishani," alielekeza. "Kangaga kona ile. Hili la kusimama wima kando ya mlango. Na hili kubwa upande wako wa kulala, Kamanda."

"Litakuwa linanichungulia?"

"Litakuwa linakulinda."

"Basi nitalivalisha sare."

Mke alitoka kwenda kuchukua kitambaa cha kufutia majani. Mama Usingizi akampa dereva kopo la maji, kwa kuwa alikuwa na sharti moja ambalo halivunji, kwamba anayelala ndiye anayemwagilia mara ya kwanza. Watu walidhani ni uganga. Kwa kweli alitaka tu mtu aujue uzito wa kopo na kiu ya udongo, ili asije akaizamisha miche kwa huruma.

"Polepole," alimwambia. "Ukiona maji yanatokea kwenye kisahani, acha."

Dereva aliinama kidogo, akamimina. Udongo ulinywa. Maji yakatokea kwenye kisahani. Mama Usingizi, akiwa amechuchumaa kwenye kona ya kangaga, alisubiri aache. Hakuacha. Kisahani kilijaa, maji yakavuka ukingo, yakatambaa sakafuni, yakafika kwenye soksi za dereva na kuzilowesha. Yule mama aliinua uso. Yule mtu alikuwa wima, kopo mkononi, macho yako wazi yanatazama jani lililo mbele yake, na ndani ya macho hayo hamkuwa na mtu.

Mama Usingizi akaanza kuhesabu moyoni. Hakujua kwa nini alianza kuhesabu, labda kwa sababu alizoea kuhesabu akimwagilia. Moja. Mbili. Tatu. Alifika tisa.

"Kamanda."

Mguu wa kulia ulipiga sakafu kwa kishindo, maji yakaruka hadi kwenye shuka. "Nipo," alisema dereva haraka. Aliangalia chini. Akaangalia kopo, akaangalia soksi zake. "Hiki chungu chako kinavuja, mama."

Mke alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na kitambaa chake. Aliona maji tu. Aliingia, akapiga magoti, akaanza kufuta.

"Mwanangu," Mama Usingizi alimwambia, "njoo nje kidogo."

Walisimama kwenye korido nyembamba, mlango umerudishiwa. Mama Usingizi alinong'ona. "Chungu kile ni kizima. Nimekipima kwa maji mwenyewe. Mumeo alilala."

Uso wa mke ulichangamka ghafla, na kuuona umechangamka kulimuumiza mwenzake kuliko kitu chochote siku ile. "Alilala? Si ndiyo tunachotaka? Umeona, hata nusu saa haijaisha tangu uiweke miche."

"Alilala amesimama. Macho wazi. Na hajui kama alilala."

 Mke alianza kukunja kile kitambaa kilicholowa, akakikunja tena, maji yakamchuruzika viganjani.

"Hivyo hivyo ndivyo kesho atashika usukani," alisema Mama Usingizi.

"Usiseme."

"Nikinyamaza ndiyo itakuwa si kweli?"

"Nisikilize, mama. Bosi wake atapiga simu saa kumi na moja kuuliza kama yuko tayari. Sasa hivi ni kumi na nusu. Akisema hayuko tayari, lile basi anapewa mwenzake, na akishapewa halirudi. Kazi imeota nyasi. Miaka kumi na minane." Aliusogeza mdomo karibu zaidi. "Wewe mwambie tu kwamba atalala. Sentensi yako ile. Anakuamini, mtaa mzima unakuamini. Akiamini atalala, atalala, na akilala ataamka mzima."

"Na asipolala?"

"Atalala."

"Nakuuliza, asipolala?"

"Una watoto, mama?"

"Ninao."

"Basi unajua ninachokuomba."

"Nakijua. Na wale sitini na wawili?"

"Wale wana Mungu wao," alisema mke, kisha akajiziba mdomo kwa mkono, akabaki anatazama ukuta. Machozi yalimtoka bila sauti. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa maji yamemfika shingoni, na mtu wa hivyo hushika chochote.

Mama Usingizi naye aliogopa, na kwa aibu yote niliyo nayo kwa niaba yake nitasema aliogopa nini kwanza. Aliliogopea jina lake. Alimuona yule muuza miche wa upande wa pili wa barabara, anayemwita "mwenzangu" mbele ya watu na "mganga" nyuma yake, akishika mbavu kwa kicheko. Aliona toroli likirudi na vyungu vyote vinne mchana kweupe. Baada ya hapo ndipo lilipomjia basi, safu kwa safu, watu wamejiegemeza vioo, midomo wazi, wamelala kwa sababu wanajua dereva ni Kamanda.

"Mama," sauti ya dereva iliita kutoka chumbani. "Hebu njoo."

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi kavua, miguu mikubwa imekanyaga sakafu mbichi. Utani ulikuwa umemwisha usoni.

"Niambie tu," alisema. "Nitalala?"

Mke alikuwa nyuma ya Mama Usingizi, amemshika aproni kwa nyuma, anaivuta kidogo, kama mtoto anavyomvuta mama yake sokoni. Sentensi ilikuwa tayari kinywani. Mpe siku tatu. Ilishatoka mara mia, ingetoka na hii ya mia na moja.

"Umeshalala," alisema Mama Usingizi. "Sasa hivi, ukiwa unamwagilia. Chungu hakivuji, Kamanda. Uliyaachia maji mpaka yakakulowesha miguu, na mimi niko pale nakuangalia."

"Nilikuwa nawaza."

"Hukuwa unawaza. Hukuwepo."

"Muda gani?"

"Nilihesabu. Sekunde tisa."

Dereva aliinamisha kichwa. Midomo yake ilicheza, anapiga hesabu. "Kwa mwendo wa themanini," alisema, "sekunde tisa ni mita mia mbili."

 Nje jirani alikuwa anakung'uta zulia, pu, pu, pu, kisha akaacha.

"Ile siku zilikuwa zaidi," dereva alisema.

"Siku gani?" Mke aliachia aproni. "Siku gani hiyo?"

"Safari ya mwisho kabla ya likizo. Mchana, jua linawaka, barabara imenyooka. Sikuwa hata nimechoka. Nilikuwa natazama kibao cha kilomita, halafu kibao hakipo, niko upande wa wanaokuja, na mbele yangu kuna lori la mafuta linanipigia taa." Alisema akiitazama mikono yake. "Nililirudisha basi. Sijui nililirudishaje, mikono ilirudisha yenyewe. Nyuma walikuwa wamelala wote, hata mtoto hakulia. Konda akainuka, akaniuliza, 'Shimo, Kamanda?' Nikamwambia, shimo. Tulipofika, bibi mmoja alinishika mkono, akanishukuru kwamba naendesha taratibu. Alinishika kwa mikono yote miwili. Nikamwitikia, asante, bibi."

Aliigeuza mikono, akavitazama viganja.

"Nikifumba macho naliona lile lori. Wenzangu wananipa pole, eti nimekosa usingizi. Sijaukosa, mama. Naukimbia. Vile vidonge nilivitupa mimi. Na asubuhi mke wangu aliposema anakwenda kuleta miche ya kulalia, nilitaka kumzuia, nikakosa cha kumwambia."

"Siku tisa," mke alisema.  "Siku tisa nimelala kando yako. Nimeng'oa saa ukutani. Watoto nimewahamisha. Hukuniambia."

"Ningekuambia ungenitazama kama unavyonitazama sasa hivi."

Mke aligeuza uso. Mama Usingizi alivuta kibao cha kukalia, akakaa mbele ya dereva, magoti yao yanakaribia kugusana. Ilibidi amalizie, na aliona akichelewa kidogo tu ujasiri utamtoroka.

"Nami nikuambie langu," alisema. "Hii miche hailazi mtu. Haijawahi. Ni mizuri, inapoza macho, lakini ni majani, baba. Walionisifu walilala kwa sababu nilisogeza kabati au nilifungua dirisha. Wewe sina cha kukusogezea. Nilijua tangu nilipolala pale kitandani, na bado nilikubali kupanga vyungu. Nisamehe."

 Ajabu, dereva alicheka, kicheko kifupi kilichokaribia kuwa kilio. "Kwa hiyo sote wawili tulikuwa tunaendesha huku tumelala."

"Kumbe."

"Bosi atapiga."

"Ndiyo."

"Nikimwambia haya, nimemwaga unga."

"Umemwaga," alisema Mama Usingizi. "Hapo sina neno zuri la kukupa, na nikilitunga litakuwa uongo wa pili leo. Ila mimi ningekuwa na mtu kwenye basi hilo, ningetaka uumwage."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja. Alitoa simu mfukoni, akaishika kiganjani, akaitazama kama anayetazama kitu kizito kuliko kilivyo. "Nitampigia mwenyewe," alisema. "Nipumue kwanza dakika mbili." Akajilaza ubavu juu ya shuka lenye madoa ya maji, akiuelekea ule mche wa majani mapana, magoti kayakunja. "Msiondoke. Nikianza kupiga kelele niamsheni."

Wakabaki. Mke alikaa sakafuni mgongo umeegemea kitanda. Mama Usingizi alikaa pale pale kwenye kibao, hakuthubutu hata kukohoa. Dereva alifumba macho, akayafumbua kwa kushtuka, akamwona mwanamke wa watu ameketi hapo anamtazama, akafumba tena. Safari ya pili alikaa muda mrefu zaidi kabla ya kufumbua. Safari ya tatu mkono uliokuwa umeshika simu ulilegea, na pumzi ikaanza kwenda ndefu, ikakwama, ikaenda. Huenda alikuwa amelala. Huenda alikuwa amefumba macho tu, analikabili lori lake. Aliyekaa pembeni hawezi kujua.

Simu ikaanza kutikisika.

Mke aliinyakua kabla haijalia, akatoka nayo mbio, miguu mitupu. Mama Usingizi alimfuata hadi koridoni. Kwenye kioo paliandikwa Bosi. Simu ilitikisika mara ya tatu, mara ya nne. Mke aliitazama, akamtazama Mama Usingizi, na sura yake ilikuwa ileile ya asubuhi kitaluni. Kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema ili kila kitu kibaki kama kilivyokuwa. Yuko tayari. Hata sauti haikuhitajika kubwa.

Alibonyeza, akaiweka sikioni.

"Halo. Ndiyo, bosi. Ni mimi, mkewe." Alinong'ona. "Amelala."

Sauti ya upande wa pili ilisikika ikizungumza kwa furaha, maneno hayakusikika.

"Hapana, simwamshi."

Sauti ikazungumza tena, sasa bila furaha. Mke aliuegemea ukuta. Mkono wake wa bure ulikuwa unatafuta kitu cha kushika, ukaupata ukingo wa suruali ya kazi ya mumewe iliyotundikwa kwenye ndoano, imepigwa pasi tayari kwa kesho. Akaushika.

"Kesho hatakuwepo," alisema. "Nakuomba utafute mwingine." Akasikiliza. "Najua. Najua, bosi. Sababu atakueleza mwenyewe akiamka. Lakini kesho huyu mtu asipewe basi. Hata akija mwenyewe hapo asubuhi akakuomba, usimpe."

Simu ilikatika, na bado aliishikilia sikioni. Upepo wa jioni uliingia kwa dirisha la chumbani na kuusukuma mlango ujifunge kwa nguvu. Mama Usingizi hakupata muda wa kufikiri. Aliingiza vidole kati ya mlango na fremu, kishindo kisimwamshe dereva, ubao ukavibana, akauma meno, akatulia hapo hapo, anasikiliza ndani.